Maandazi: neno la nani, na zamani lilibeba nini?

Dada mmoja wa Kondele, Kisumu, ameniandikia hivi: "Mwalimu, asubuhi nauza mandazi, na wikendi naoka keki za oda. Nataka kuchorewa kibao. Mchoraji ameniuliza kama anaandika mandazi au maandazi, nikakosa la kumwambia. Jirani yangu mwenye duka anasema hilo ni neno la Kihindi, limetokana na anda, yaani yai. Mama mkwe naye anasema mandas ni Kijaluo cha tangu zamani. Halafu mwanangu amekuta kwenye kamusi kuukuu ya babu yake kwamba maandazi ni keki na vitamu vya aina hiyo. Sasa nani mkweli? Na keki nazo ni maandazi?"

Dada, mwambie mchoraji aandike MAANDAZI, kwa a mbili mwanzoni. Hilo nalitanguliza kwa kuwa mchoraji anasubiri. Yaliyobaki yanataka nafasi, maana umegusa neno ambalo watu wengi wanalila kila asubuhi bila kujua kwamba ni mali yao.

Maandazi ni neno la Kiswahili chenyewe, la asili ya Kibantu, na mama yake ni kitenzi kuandaa. Andazi ni kitu kilichoandaliwa. Najua maelezo hayo yakitolewa hivyo tu yanaweza kuonekana ni ya kubahatisha, kwamba mtu ameona maneno mawili yanafanana akayaunganisha. Ndivyo jirani yako alivyofanya na anda. Kwa hiyo acha nikuonyeshe ushahidi, nawe uupime mwenyewe.

Chukua vitenzi hivi: nunua, amua, pokea, lea. Vyote vinaishia kwa irabu mbili zilizofuatana. Zamani, kabla Kiswahili hakijawa hivi tunavyokijua, katikati ya irabu hizo palikuwa na l, kisha ikadondoka. Lakini haikupotea moja kwa moja. Bado imejificha humo na hutokea ukiiita vizuri. Mfanyie mtu jambo, inatokea: nunulia, amulia, pokelea, lelea. Sema jambo limetendwa, inatokea tena: nunuliwa, amuliwa, pokelewa, lelewa. Sasa jaribu andaa. Niandalie chai. Chakula kimeandaliwa. Umeiona l? Ilikuwepo siku zote, hata pale tunaposema andaa tu bila kuitamka.

Twende hatua ya pili. Kiswahili kinapotaka kuunda jina kutokana na vitenzi hivyo, huweka i mwishoni, na l hiyo iliyojificha ikigusana na i hugeuka kuwa z. Ndipo nunua ikazaa mnunuzi na manunuzi. Amua ikazaa mwamuzi na maamuzi. Pokea ikazaa mapokezi, na lea ikazaa mlezi na malezi. Na andaa, kwa njia ile ile bila kupinda hata kidogo, ikazaa mwandazi na maandazi. Mwandazi ndiye anayeandaa, maandazi ndiyo yanayoandaliwa. Maandalizi nayo ni ya ukoo huohuo, ila yamepitia andalia kwanza, ndiyo maana yamebaki na l yake waziwazi.

Mimi hufurahi kila ninapofundisha jambo hili darasani hapa Nakuru, kwa sababu ni mahali ambapo sarufi inaacha kuwa kanuni za kukariri na kuwa kitu cha kuliwa. Mwanafunzi aliyekuwa amesinzia huinua kichwa.

Sasa tumrudie jirani yako na yai lake. Ni kweli kwamba anda ni yai kwa Kihindi, na kwa Kipunjabi pia. Lakini dai lake lina matundu matatu. La kwanza ni la jikoni: maandazi mengi yanayouzwa barabarani kwetu hayana yai kabisa, na hakuna anayesema si maandazi. La pili ni kwamba anda haituelezi ile zi ya mwisho imetoka wapi, na neno halishonwi kwa nusu, mwanzo ukapata asili na mkia ukabaki unaning'inia. La tatu ndilo zito zaidi. Kiswahili kina mwandazi, yaani mpishi, hasa yule wa vitamu. Kama maandazi yangetokana na yai, mwandazi angekuwa mtu wa mayai. Hakuwa hivyo. Tena wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliofungua maduka katika mji wa Kisumu walikuwa Wagujarati, na Kigujarati huliita yai kwa jina jingine, indu.

Usimvunje moyo lakini. Maneno ya jikoni tuliyopewa na Bara Hindi ni mengi na ni mazuri: chapati, bajia, achari. Ukiyatazama utaona hayabadiliki tunapohesabu. Chapati moja, chapati tatu. Bajia moja, bajia sita. Hayana kitenzi cha Kiswahili nyuma yake, na huwezi kuyavua kiambishi ukakuta jambo lenye maana ndani. Maandazi unayavua ma-, unakuta andazi. Unalivua andazi, unakuta kuandaa.

Na kuandaa kwenyewe kuna upana kuliko tunavyokutumia leo. Siku hizi tunaandaa mkutano, tunaandaa ripoti, tunaandaa mtihani. Lakini makao yake ya asili ni chakula: kukiweka tayari, kukipanga, kukitenga mbele ya watu. Waumini wa kwenu wanaijua Zaburi ya 23, panapotajwa kuandaliwa meza mbele ya watesi. Humo kitenzi kimekaa mahali pake pa zamani. Wazee wa pwani walikuwa pia wakisema kuandika meza, wakimaanisha kupanga vyombo na vyakula juu yake, na mimi nayaona andaa na andika kuwa ya shina moja, la kuweka vitu kwa mpango.

Hapo ndipo kamusi ya babu inapopata haki yake. Mwanao amesoma vizuri. Kamusi ya A. C. Madan ya 1903, na ile ya 1939 iliyotolewa chini ya Frederick Johnson, zinayaeleza maandazi kuwa vitamu vya unga kwa jumla: keki, vileja, vya kuoka na vya kukaanga pamoja. Neno halikufungwa kwenye karai la mafuta. Lilijumlisha kazi yote ya mwandazi, mtu aliyejua kutengeneza vitu vya kupendeza ulimi, vile visivyo ugali wala wali wa kila siku. Katika miji ya pwani kazi hiyo ilikuwa na mambo mengi. Kulikuwa na mkate wa mofa, unaookwa katika tanuri la udongo linaloitwa mofa. Kulikuwa na mkate wa sinia wa unga wa mchele, na mkate wa mayai, unaoivishwa kwa makaa yaliyowekwa chini ya chombo na mengine juu ya kifuniko, ili moto uje pande zote mbili. Huo ndio uokaji wa watu wasio na oveni, na bado unaokoa wengi umeme ukipotea.

Kwa hiyo kwa maana ile ya zamani, ndiyo, keki yako ni andazi. Kwa maana ya leo, hapana. Mtu akikwambia Jumamosi "nataka maandazi ya harusi ya watu mia," hutamwandalia keki ya ngazi tatu.

Neno limefanya nini kufikia hapo? Limejibana. Lilikuwa jina la kundi zima, likabaki na mmoja wa kundi, yule aliyependwa zaidi na kuonekana zaidi. Jambo hili si geni kwa Kiswahili. Kinywaji ni kila kinachonyweka, hata maji; lakini ukisikia fulani "ameacha kinywaji" hudhani kwamba ameacha chai. Na linaweza kwenda upande wa pili pia. Huku kwetu magharibi mboga imetanuka mpaka mtu anauliza "leo mboga ni nini?" na anajibiwa "ni nyama," bila yeyote kushtuka. Mboga imekuwa jina la chochote kinachoteremsha ugali. Maandazi yamejibana, mboga imetanuka, na zote mbili bado ni Kiswahili halali.

Kwa nini basi likawa hili la kukaanga na si la kuoka? Nadhani jibu liko kwenye vyombo. Kuoka kunataka tanuri, bati, na muda. Andazi la kukaanga linataka jiko, karai na mafuta, vitu ambavyo mtu anabeba na kuvisimamisha kando ya stendi ya matatu. Wewe unaijua kazi hii kuliko mimi, lakini wapo wasomaji ambao hawajawahi kuitazama kwa karibu. Unga wa ngano unachanganywa na sukari, hamira au bekin pauda, iliki kidogo ikipatikana, na maji ya vuguvugu. Unakandwa mpaka uache kushika mikono, unafunikwa uumuke, halafu unasukumwa na kukatwa pembe tatu au pembe nne. Kipande kikitumbukizwa kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa kinazama kwanza, kinakaa chini nukta moja, kisha kinapanda juu na kuanza kufura. Mvuke wa maji yaliyomo ndani ya unga ndio unaokisukuma, tabaka la juu likiachana na la chini, mpaka kinakuwa na uvungu katikati. Mpishi anakigeuza kabla upande mmoja haujawa mweusi. Mafuta yakiwa baridi, kipande hubaki chini kikiyanywa, na mteja ataona kwenye karatasi. Yote hayo ni kuandaa, na kila hatua ina mtu anayejua afanyalo.

Sasa mama mkwe. Mweleze kwa heshima yake kwamba hajakosea kusema mandas ni la Wajaluo. Ni lao sasa, wamelifanya lao. Ila halikuzaliwa kwao. Dholuo haina sauti z, kwa hiyo neno lilipofika ziwani z ikawa s, na i ya mwisho ikakatika. Mkate nao ulipofika huko uligeuka ukawa makati. Wakalenjin nao wana neno la mkate linalofanana na hilo, na Waluhya husema omukati. Waganda wanayaita mandaazi, na z yao ipo kwa sababu lugha yao inayo. Ukifuata nyayo za maneno haya yote utaona zinatoka upande mmoja, mashariki, penye bahari.

Yalisafirije? Kiswahili kilitangulia reli. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa ikipiga kambi kwa Mumia, mtawala wa Wawanga, mahali panapoitwa Mumias leo, katika karne ya 19. Lakini reli ndiyo iliyofungua mlango wote. Ilifika ziwani, Port Florence, ambayo ndiyo Kisumu yenu, mnamo Desemba 1901, ikileta vibarua, mafundi, wapishi na wenye maduka, na Kiswahili kikiwa lugha ya kuelewana njiani.

Na hapa nchi yetu ina jambo lake ambalo watu wa pwani hawawezi kutunyang'anya. Jina lilitoka kwao, lakini andazi la Kenya bara lilipata viungo vyake huku. Ngano ilianza kulimwa kwa wingi Njoro, jirani na Nakuru, mwanzoni mwa karne ya 20, na Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alikuwa mmoja wa waliopoteza sana mavuno kwa ugonjwa wa kutu kabla ya kupatikana mbegu zinazoustahimili. Kampuni ya Unga ilianzishwa 1908. Kituo cha kuzalisha mbegu bora za ngano kikawekwa Njoro 1927, na kazi ya kuitafutia ngano kinga dhidi ya kutu inaendelea papo hapo mpaka leo. Sukari nayo ikapata kiwanda chake cha kwanza nchini Miwani, mwendo mfupi kutoka Kisumu, mwaka 1922. Chemelil, Muhoroni na Mumias vilikuja miongo mingi baadaye. Kabla ya hapo unga wa nyumbani kwa wengi wetu ulikuwa wa mtama na wimbi, halafu mahindi, na hizo nafaka hazikandiki zikafura ndani ya mafuta. Unga ukitoka upande wa Nakuru na sukari ikitoka upande wa Kisumu, andazi lilikuwa katikati likingoja kupikwa.

Turudi kwenye a mbili, maana bado sijakueleza sababu. Umoja wake ni andazi: andazi hili, andazi moja. Ukiweka ma- ya wingi unapata ma-andazi: maandazi haya, maandazi mawili. Mkazo wa sauti uko mbele, kwenye da, kwa hiyo a mbili za mwanzo zinamezwa na mtu anayesema haraka, zinakuwa moja. Ndivyo ilivyo pia kwa waandishi, ambao wengi huwatamka "wandishi", na maandamano, ambayo hata redioni utayasikia yakiwa "mandamano". Hakuna anayekosea akisema hivyo kwa mdomo. Kalamu na brashi ndizo zinazotakiwa kuandika zote mbili.

Lakini kumezwa huko kumezaa kitu cha kupendeza. Mtu aliyelisikia neno likiwa mandazi hajui tena ma- inaishia wapi. Wengine hulichukua zima kama lilivyo, wakasema mandazi moja, mandazi mbili, mandazi hizi, kama wanavyohesabu chapati. Vijana wakalivua upya kwa mahali pasipo penyewe, wakapata ndazi. Ndazi moja, mandazi tano. Kwa kanuni za darasani ndazi ni kosa. Mimi nalipenda, kwa sababu linaonyesha kwamba vijana bado wanahisi kuna ma- humo ndani, wanajua hili ni neno la kuvuliwa na kuvikwa. Wasingehisi hivyo kama lingekuwa geni. Kwenye kibao usiliandike, ila mwanao akilisema muache.

Kuhusu keki na biskuti nitasema kwa ufupi. Keki ni Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kwa watu wa Skandinavia waliokuwa wakisema kaka, mkate mdogo wa bapa. Utasikia watu wakisema ni ndugu wa neno la Kilatini la kupika, si ndugu. Ndugu yake wa kweli ni koek ya Kiholanzi, ambayo kwa udogo wake, koekje, ilienda Marekani ikawa cookie, na sasa vijana wa mjini wanaiita kuki. Biskuti ndiyo yenye Kilatini: bis ni mara mbili, coctus ni iliyopikwa. Mikate ya mabaharia ilikuwa ikiokwa, kisha inarudishwa motoni ikauke isiingie ukungu safarini. Biskuti za leo nyingi huokwa mara moja tu, jina limebaki na kazi ambayo haifanywi tena. Yote mawili, keki na biskuti, yametufikia kwa Kiingereza.

Ukiuza yale magumu, yaliyoshikana bila uvungu, wengine huyaita hafukeki, wengine kangumu, na wengine KDF. Hili la mwisho tunaweza kulipima umri: jina la jeshi lenyewe, Kenya Defence Forces, limeanza na Katiba ya 2010, kwa hiyo hakuna babu aliyekula KDF utotoni kwa jina hilo. Hafukeki nalo linanifurahisha. Ni kitu cha kukaangwa kilichopewa jina la kitu cha kuokwa, kinyume kabisa cha andazi, lililokuwa jina la vyote likaishia kwenye karai.

Jambo moja hukuuliza, lakini litakufikia tu ukishatundika kibao, kwa sababu Kisumu ina wageni wengi kutoka Mombasa. Mtu atakuja akuombe mahamri. Hilo ni neno la mzizi mwingine kabisa, la Kiarabu, khamir, unga uliochachuka; mzizi huohuo ndio uliotupa hamira. Kwa watu wa pwani mahamri ni yale yaliyokandwa kwa tui la nazi na iliki ya kutosha, yakaumuliwa kwa hamira, yakafura na kuwa mepesi, ya kuliwa na mbaazi za nazi. Usimwambie kwamba ni kitu kilekile. Muulize kama anataka ya tui, na kama huna, mweleze mapema. Yako ya maji atayanunua na kuyala vizuri, lakini atayaita mandazi.